Jibu: Droni ya sola ya kukesha juu ya Kilimanjaro

Ndugu yangu wa Moshi, nimekuelewa: unataka kuifunga paneli droni yako ya pangaboi nne ili ikeshe angani ikilinda msitu dhidi ya moto kama ule wa Oktoba 2020. Kwa umbo hilo haitakesha, kwa sababu pangaboi ndizo zinazobeba uzito wote kila sekunde, na paneli ya kioo ya dukani huongeza mzigo usiolingana na umeme inaouleta. Zinazodumu angani ni zenye mabawa marefu na membamba. Zephyr, ndege ya sola isiyo na rubani yenye mabawa ya mita 25 na uzito usiofikia kilo 75, ilikaa juu siku 64 mwaka 2022, ikipanda mchana huku ikichaji betri na kushuka taratibu usiku.

Wewe anza na ndege ndogo ya mabawa ya povu. Mita moja ya mraba ya seli nzuri za sola hutoa takriban wati 200 jua la utosini, na hupungua sana mawingu yanapoufunika mlima, jambo ambalo huko kwenu si geni. Kwa hiyo pima kwanza mezani: washa mota jioni kwa betri pekee, uone kama itafika alfajiri.

Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena, na uungaji wa seli mwachie fundi wa elektroniki. Kabla ya kurusha chochote, fuatilia vibali vya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na Wizara ya Ulinzi, na cha TANAPA (Hifadhi za Taifa) kwa eneo la hifadhi. Kumbuka pia uwanja wa ndege wa KIA hauko mbali.