Maporomoko? Vuka bahari kwanza

Kaka unayetafuta maporomoko ya maji hapa Unguja uwapeleke watoto, hayapo. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, mvua ikinyesha maji yanazama, yanaishia mapangoni na visimani. Msitu wa Jozani utaona kima punju na mikoko, basi.

Ukitaka yenyewe hasa, panda boti mpaka Dar, kisha basi la Ifakara, ushuke Mang'ula. Hapo ndipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Maporomoko ya Sanje yanaanguka kama mita 170. Kilima chetu cha Masingini, kirefu kuliko vyote Unguja, hakifiki hapo!

Mie nilipanda na kandambili, ubishi tu. Ukanda ukakatika njiani, kuteremka nikateremka kwa makalio huku muongozaji akijifanya anatazama ndege. Vaeni raba. Na chukueni nguo za kuogea, kuna bwawa chini ya maporomoko, baridi yake meno yanagongana. Kitambulisho usisahau, raia kiingilio chake ni nafuu kuliko cha mgeni. Masika usiende, njia inateleza mno kwa watoto.