Bahari Kwanza, Maana Baadaye

Walimu wenzangu mnaoanza kufundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari za Tanga, mmeniuliza zaidi ya mara moja ni kitu gani kilichobadilisha namna yangu ya kufundisha ushairi, nami nimekuwa nikiwajibu kwa ufupi mno. Jibu refu ni kwamba, baada ya kufundisha kwa zaidi ya miaka kumi, nilianza kusoma maandiko ya sayansi ya utambuzi, yaani elimu inayochunguza jinsi akili inavyopokea mambo, inavyoyahifadhi na inavyoyaunganisha, na humo nikakuta maelezo ya kosa ambalo nilikuwa nikilifanya kila wiki bila kulitambua.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Niliwafundisha wanafunzi tamathali za semi kama orodha: tashibiha, sitiari, tashihisi, mubalagha, tafsida, na kuendelea. Waliishika vizuri, na nilipowapa shairi waliweza kuchomoa sitiari kama mtu achambuaye mchele akitoa mawe. Lakini nilipowauliza sitiari ile inafanya kazi gani ndani ya ubeti, walinyamaza au walinirudishia maneno ya ubeti uleule kwa mpangilio mwingine. Niliwalaumu kwa uvivu, na leo ninajua kwamba lawama ile haikuwa haki.

Nitawapa mfano mmoja na nitakaa nao, kwa sababu umenifundisha mengi kuliko kitabu chochote. Niliutunga ubeti huu mwenyewe kwa ajili ya somo:

Maji yamekupwa pwani, dau limegusa tope,
Nahodha yu mchangani, aambiwa aogope,
Bamvua liko njiani, ngojeni maji yalipe.

Wanafunzi waliotoka Lushoto na Korogwe, ambao wengi wao walikuwa hawajakaa pwani hata mwezi mmoja, waliandika kwamba chombo kimeharibika, nahodha amekata tamaa, na kwamba shairi linahusu umaskini. Wale waliokulia Pangani na Tongoni waliandika kwamba nahodha ni mtu mwenye subira anayekijua anachokingoja. Hapakuwa na tofauti ya akili baina ya makundi hayo mawili. Tofauti ilikuwa kwamba kundi la pili lilijua kuwa maji yaliyokupwa huchukua takriban saa sita kujaa tena, na kwamba bamvua huja wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, likaviinua vyombo ambavyo maji ya siku nyingine hayavifikii. Jioni moja niliwasomea ubeti huo wazee waliokuwa wakinywa kahawa barazani huko Ngamiani, na mmoja wao, mvuvi aliyestaafu, akaniambia, “Mwalimu, dau likigusa tope halijazama. Limepumzika.” Kwake yeye hapakuwa na fumbo lolote la kufumbua.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha majaribio yake, ambamo wasomaji wa Kiingereza walipewa simulizi ya watu asilia wa Amerika Kaskazini, kisha wakatakiwa kuisimulia tena baada ya muda. Mitumbwi ya simulizi ile ikageuka kuwa mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na yale ambayo hayakuwa na mahali pa kukaa katika ujuzi wao yakadondoka njiani. Bartlett aliuita ujuzi huo wa awali, ambao kwao tunapokea habari mpya, kwa jina la skima. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson waliwapa watu aya inayoeleza ufuaji wa nguo bila kutaja popote kwamba ni ufuaji wa nguo. Walioambiwa mada kabla ya kusikia aya waliielewa na kuikumbuka vizuri zaidi. Walioambiwa baadaye hawakusaidika. Mfikirie hilo kwa makini, kwa sababu mazoea yetu darasani ni kinyume chake: tunasoma shairi kwanza, wanafunzi wanapotea, halafu tunaeleza bamvua ni nini, wakati ambapo ubeti umekwisha kuhifadhiwa vichwani mwao kama habari ya chombo kibovu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mtoe bahari mapema. Mimi huwapeleka wanafunzi ufukweni Jumamosi maji yakiwa yamekupwa, tukarudi tena mchana uleule yakiwa yamejaa, na palipokosekana nafasi huchora ubaoni mstari wa maji na mashua mbili, moja juu ya tope na nyingine ikielea. Silisemi shairi kabisa. Hivyo hivyo, kabla ya kusoma habari ya mgema, waelezeni wanafunzi wasiowahi kuona mnazi ukigemwa jinsi kazi ile inavyofanywa.

Lakini maana msiitoe. Hapa wengi wenu mtatofautiana nami, kwa kuwa muda ni mfupi na mtihani uko karibu, na mwalimu anayesema “nahodha anawakilisha mtu mwenye matumaini” anamaliza somo kwa dakika kumi. Ninawaomba mzingatie jaribio la Mary Gick na Keith Holyoak la mwaka 1980. Walitumia fumbo lililobuniwa zamani na Karl Duncker: daktari ana mionzi inayoweza kuua uvimbe tumboni mwa mgonjwa, lakini ikiwa na nguvu ya kutosha itaharibu pia nyama nzima inayopita, na ikipunguzwa nguvu haitaufaa uvimbe. Kama mtu mmoja tu kati ya kumi hugundua mwenyewe kwamba mionzi mingi dhaifu yapaswa kutumwa kutoka pande mbalimbali ikutane penye uvimbe. Wengine walisoma kwanza hadithi ya jemadari aliyeligawa jeshi lake katika vikosi vidogo vilivyopita njia tofauti na kuizingira ngome kwa wakati mmoja. Suluhisho ni lilelile, ila takriban watatu tu kati ya kumi waliitumia hadithi hiyo bila kuambiwa, na walipodokezwa kwamba hadithi ingewafaa idadi ikafikia kama robo tatu.

Niliposoma hayo niliwakumbuka wanafunzi wangu waliokariri methali mia mbili pamoja na maana zake, lakini methali isiwajie hata mara moja wanapokutana na tukio linalofanana nayo ndani ya riwaya. Hadithi ya jemadari ilikuwa vichwani mwa wale watu, wala haikusahaulika. Kilichokosekana ni mtu kuona kwamba jeshi na mionzi vina uhusiano mmoja ingawa sura zake hazifanani hata kidogo. Maana iliyotolewa na mwalimu hukaa kando ya ubeti ule mmoja na haivuki kwenda kwenye ubeti mwingine.

Gick na Holyoak waliendelea, na mwaka 1983 walionyesha kwamba mtu akipewa hadithi mbili zenye umbo moja la ndani akazilinganisha, huwa tayari zaidi kulitambua umbo hilo katika jambo la tatu. Mwaka huohuo Dedre Gentner alichapisha nadharia yake ya mlinganisho, ambayo ndiyo ninayoitegemea zaidi darasani. Anasema kwamba tunapolinganisha atomi na mfumo wa jua hatusemi kuwa kiini cha atomi ni cha moto au ni cha manjano. Tunachohamisha ni uhusiano, yaani kitu kidogo kuzunguka kikubwa kwa sababu ya nguvu iliyopo kati yao, na tunapendelea mahusiano yaliyofungamana kwa sababu na matokeo kuliko yaliyotawanyika. Mwanafunzi aliyeniambia kwamba nahodha ni kama mlinzi kwa kuwa wote wawili husimama alikuwa amelinganisha sura. Tangu hapo nimeacha kuuliza “kinafanana na nini?”, nami sasa huuliza “nini kinasababisha nini, na kipi hutangulia?” Kisha huweka kando ya ubeti wa dau habari fupi ya mama anayewakopesha wafanyakazi maandazi hadi mwisho wa mwezi, na huwaacha waandike wenyewe yale yanayolingana. Kazi hiyo huchukua kipindi kizima, wala sioni kwamba kipindi kimepotea.

Kuna jambo jingine dogo zaidi, la neno mojamoja. Mwaka 1979 David Swinney alionyesha kwamba msikilizaji akifikiwa na neno lenye maana mbili, zote mbili huamka kwa kitambo kidogo hata pale muktadha unapoelekea upande mmoja, na ile isiyofaa hufifia silabi chache baadaye. Someni sasa “mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.” Tembo hapa ni pombe ya mnazi, lakini mtoto wa bara humwona mnyama mwenye mkonga, na kinachomwokoa ni kiambishi -li- ndani ya “hulitia”, kwa maana mnyama angedai “humtia”. Ngeli imefanya kazi ya kufifisha maana isiyotakiwa, na hiyo ndiyo sababu ninayowapa wanafunzi wanaoniuliza upatanisho wa kisarufi una faida gani kwa msomaji wa fasihi. Washairi, kwa upande wao, hupenda kukiongeza kile kitambo kidogo ili maana mbili zikae pamoja: mbuzi wa zizini na mbuzi wa kukunia nazi, au jina la mji wetu huu, ambalo humkumbusha mwenye chombo nguo ya kushikia upepo na humkumbusha mfiwa siku za kukaa matanga. Mnaposoma kwa sauti, tueni kwenye maneno kama hayo, msiyakimbie.

Mkiviendea vitabu vya fani hii mtakuta mifano mingi ni ya Kiingereza. George Lakoff na Mark Johnson, ambao mwaka 1980 walieleza kwamba sitiari ni njia ya kufikiri kabla ya kuwa pambo la usemi, walianza na mabishano yanayoelezwa kama vita. Mfano huo ni wao, na ni mzuri, lakini kusanyeni yetu. Sisi twala kiapo, twala njama, twala hasara, na mzee wetu amekula chumvi nyingi. Twasikia harufu na twaona njaa. Hasira hutupanda kisha hutushuka, na neno baya hukata maini. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini Mswahili hula kiapo ilhali hanywi kiapo, atafikiri kwa bidii ambayo sijaiona akiulizwa kutaja aina za sitiari.

Ninawaonya pia dhidi ya haraka ya kuamini. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa David Kidd na Emanuele Castano uliodai kwamba kusoma kwa muda mfupi tu hadithi zenye ubora wa kifasihi huongeza uwezo wa kutambua hisia za wengine. Habari hiyo ilitufurahisha walimu wote wa fasihi, mimi nikiwamo, na niliitaja kwenye kikao cha wazazi. Watafiti wengine waliporudia jaribio hilo, katika machapisho ya mwaka 2016 na ya mwaka 2018, matokeo hayo hayakupatikana tena. Niliona ni wajibu wangu kurudi kwa wazazi walewale na kuwaeleza. Fasihi inazo sababu za kutosha za kusomwa, na haifai kuitetea kwa hoja isiyosimama.

Muhula uliopita nilifundisha tena ubeti wa dau, safari hii bahari ikitangulia, nami sikusema neno juu ya maana. Msichana mmoja wa Lushoto alinyosha mkono akasema kwamba nahodha ni kama bibi yake, ambaye huandaa shamba lake la maharage likiwa bado kavu, akingoja vuli, huku majirani wakimwambia kwamba anapoteza nguvu. Niliandika ubaoni dau kando ya shamba, bamvua kando ya vuli, wanaomtisha nahodha kando ya majirani. Kijana wa Tongoni akapinga kwa heshima: vuli huweza kukosa mwaka mzima, alisema, lakini maji ya bahari hayajawahi kukosa kurudi, kwa hiyo bibi ana ujasiri ambao nahodha hauhitaji. Msichana akajibu kwamba nahodha naye hajui kama dau lililokaa topeni siku nyingi litaelea bila kuvuja. Kengele ilipogonga walikuwa bado wamesimama mbele ya ubao, na chaki ilikuwa mkononi mwao.