Njaa baada ya kushiba, kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza

Dada, umeuliza kwa nini kijana wako anamaliza sahani ya matoke na mchuzi wa karanga, halafu baada ya saa moja analia njaa. Usimwite mlafi, tafadhali. Seli za kongosho zilizokufa kwa kisukari hiki hazikuwa zikitoa insulini tu. Zilitoa pia amilini, homoni inayochelewesha chakula tumboni na kuuambia ubongo "imetosha". Sindano inarudisha insulini, amilini hairudi. Homoni nyingine za shibe, zile za utumbo kama GLP-1, bado zinatoka, lakini breki moja ya njaa imekosekana.

Kwanza pima sukari, kwa sababu njaa ina sura mbili. Ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa juu ya 14, anakojoa sana na ana kiu, basi insulini haitoshi: sukari imejaa kwenye damu na seli zina njaa. Hapo chakula zaidi kitaharibu. Pima ketoni (asidi zinazojaa mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini). Akitapika au akihema kwa nguvu, hospitali mara moja.

Ikiwa sukari iko sawa, aanze na maharage na dodo (mchicha), matoke yafuate, ale polepole. Insulini ya kawaida (regular), au ya mchanganyiko yenye regular ndani, ichomwe dakika 30 kabla ya kula. Wengi huchoma sahani ikiwa tayari mezani, sukari inapanda mbio, kisha dawa inafika kwa kuchelewa na kuishusha, na njaa inarudi.