Kabla hujapanda basi la Dar: kupima mishipa ya shingo inayolisha ubongo

Mkono ukifa ganzi dakika kumi asubuhi kisha ukarudi kama kawaida, hicho ni kiharusi kidogo mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Mishipa ya shingo iangaliwe ndani ya siku moja mbili, isisubiri korosho ziuzwe. Lakini kama mdomo umepinda sasa hivi, achana kwanza na shingo. Mkimbize mgonjwa penye siti skani ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa nne na nusu tu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, na haitolewi kabla picha haijaonyesha kwamba ubongo hauvuji damu.

Kwa yule wa kwanza, anza na dopla, yaani utrasaundi ya mishipa. Haina mionzi, sindano wala kufunga. Ukiwa Newala au Liwale, piga simu kabla ya kutoka, na usiulize tu kama wana utrasaundi, maana ya wajawazito ipo sehemu nyingi. Uliza kama wana probu bapa ya mishipa, yaani kile kifaa cha mkononi kinachogusishwa ngozini, na mtu anayepima shingo.

Mkufu na hirizi vivuliwe. Mgonjwa alale chali, mto uwe chini ya mabega, uso ugeukie upande usiopimwa. Mkono wa mpimaji uwe mwepesi: akikandamiza pale mshipa unapogawanyika, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla.

Kosa kubwa ni pembe. Mashine hukokotoa kasi ya damu kwa kutumia pembe anayoiweka mpimaji, kati ya mwale wa utrasaundi na mwelekeo wa damu, na haitakiwi kuzidi nyuzi 60. Akiweka 60 wakati halisi ni 55, damu inayokwenda sentimita 115 kwa sekunde itaandikwa zaidi ya 130. Hapo imevuka mpaka wa 125, na mwenye mshipa mzima kashageuzwa mgonjwa.

Majibu ya "umeziba kiasi" yarudishe, uandikiwe namba. Kwenye mshipa wa ndani, yaani tawi la shingoni linalopanda ubongoni, kasi chini ya 125 maana yake haujaziba kufikia nusu. 125 hadi 230 ni asilimia 50 hadi 69. Juu ya 230 ni 70 na zaidi. Ila mshipa uliobaki na njia nyembamba kama uzi huweza kutoa kasi ndogo, kwa hiyo picha nayo isomwe.

Chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa ikitupa kivuli kwenye picha, au tatizo likiwa ndani ya fuvu, inafuata siti skani ya mishipa. Hata ikibidi kuifuata Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, hukuhuku kwanza, kwani dawa yake ya ayodini hutolewa na figo. Taja mzio, na metformin, dawa ya kisukari, kama unaitumia. Kanula, yaani mrija wa kupitishia dawa mshipani, iwe geji 18 au 20, kwenye mkunjo wa kiwiko cha kulia. Dawa husukumwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kanula nyembamba ya kiganjani haihimili, na ikipitia kushoto huacha michirizi kwenye picha.

MRI, kipimo cha sumaku, huweza kuonyesha mishipa bila dawa, ila hutia chumvi: mbano huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Ondoka na CD ya picha pamoja na karatasi, na usiiache juani kwenye dashibodi.