Filamu zangu za mwaka 2024, na namna ya kuzichagua zako

Kila mwaka ukiisha, orodha za filamu bora humwagika mitandaoni, na nyingi huandikwa na watu wanaotazama kwenye kumbi za London, Paris na New York. Mie nazisoma zote, na zimenionyesha mengi. Lakini kwa mtu wa Unguja, ambako kumbi za sinema za Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi zilishafunga milango zamani, orodha ya mwenzako haitoshi. Ushauri wangu ni huu: filamu yako ya mwaka ipime barazani. Ile ambayo wiki kadhaa zimepita na bado mnaibishania, kahawa inazunguka, hiyo ndiyo yako, iwe imepata tuzo au haikupata. Na hapa kwetu hilo si jambo geni. Jaws Corner pale Mji Mkongwe, kona ya kahawa na mabishano, imebeba jina la filamu ya papa ya mwaka 1975.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu kwa mwaka 2024 ni The Village Next to Paradise ya Mo Harawe, filamu ya kwanza iliyopigwa Somalia kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Inafungua kwa taarifa ya habari ya televisheni ya Uingereza kuhusu shambulio la droni. Kisha inaiacha taarifa hiyo na kwenda kukaa na watu wenyewe, kwenye kijiji cha pwani. Mamargade anamlea mwanawe, Cigaal, kwa kuchimba makaburi na kazi yoyote itakayotokea. Dada yake, Araweelo, amerudi nyumbani baada ya talaka na anachotaka ni duka lake mwenyewe la kushona. Basi. Hakuna maharamia, hakuna bunduki za kila dakika, na kwa sababu hiyo wengine watasema inakwenda polepole. Ni kweli inakwenda polepole, na ndivyo inavyopaswa kwenda. Ukimtazama mtoto yule anavyomsikiliza baba yake akiahidi mambo, utaelewa kwa nini mtengenezaji hakutaka kuharakisha.

Kitu cha kukisikiliza mle ni upepo. Unavuma karibu kila pahala, kwenye mabati, kwenye nguo, ndani ya mazungumzo. Ni kaskazi yetu hii hii kabla haijatufikia, ile iliyoleta majahazi kutoka pwani hiyo hadi bandarini kwetu. Kwa hiyo usiitazame kwenye simu. Tafuta spika nzuri, au hata vifaa vya masikioni, la sivyo nusu ya filamu itakupita.

Nyumbani kwetu ugomvi ulikuwa juu ya Araweelo. Wajomba walimwona mkaidi. Shangazi yangu, aliyeshona nguo za watu miaka mingi, aliwajibu kwa sentensi moja: "Huyu hana haja ya mume, ana haja ya cherehani." Mjadala ule haujesha mpaka leo, na ndiyo sababu filamu hii iko juu kabisa.

Inayofuata ni Dahomey ya Mati Diop, iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwezi Februari 2024. Ni fupi, dakika 68 tu, kwa hiyo hata asiye na subira ataimaliza. Inafuata vitu 26 vya kifalme vya Dahomey, ufalme wa zamani ulioko Benin ya leo, vilivyoporwa na majeshi ya Ufaransa katika miaka ya 1890 na kurudishwa Benin mwezi Novemba 2021. Diop amefanya jambo la ajabu: sanamu ya mfalme Ghezo, kitu nambari 26, anaipa sauti. Inasema kwa Kifon, lugha ya huko, sauti nzito inayotoka kama chini ya ardhi, ikiwa imefungiwa gizani ndani ya sanduku la safari. Halafu wanafunzi wa chuo kikuu wanakaa kubishana. Mmoja anafurahi, mwingine anasema kurudisha 26 kati ya maelfu ni matusi. Sehemu hiyo irudie mara ya pili. Watu wanakatizana, wanapingana, na hakuna msimamizi anayewaambia nani ameshinda. Tulipoitazama sie, mazungumzo yaliruka moja kwa moja hadi kwa mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria yule ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka sasa amesimama Berlin. Wapo vijana waliokuwa hawajapata kumsikia.

Hapa nitie neno kuhusu maandishi ya tafsiri, maana ndiyo yanayowafukuza wazee wetu kwenye filamu nzuri. Mchague mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, mkalishe karibu na bibi, amsomee kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Mkifika mwisho wa onyesho refu, simamisha, mjazie yaliyompita. Mkusanyiko wetu umezoea filamu za kutafsiriwa tangu enzi za kanda za video. Ni utamaduni wetu na usionewe haya.

Kwa watoto, Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia haihitaji mtafsiri, kwani haina hata neno moja la mazungumzo. Paka mweusi, mafuriko yaliyomeza dunia, na mashua inayookota mnyama mmoja baada ya mwingine. Mtoto aliyekulia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe anamjua paka yule: anavyorudi nyuma, anavyojinyoosha, anavyodharau. Wangu walikuwa wakimwelekeza usukani kwa kelele. Ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni mwezi Machi 2025. Kwa vijana wetu wanaochora kwenye kompyuta nasema hivi kwa mkazo: imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure.

On Becoming a Guinea Fowl ya Rungano Nyoni, Mzambia, ndiyo iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko zote nilizotaja. Shula anamkuta mjomba wake amekufa barabarani usiku, na kuanzia hapo tumo msibani: mikeka, masufuria, wanawake wakipika na wanaume wakingojea kupakuliwa, mjane akilaumiwa. Chini ya msiba huo iko siri ya udhalilishaji wa watoto wa kike ambayo familia nzima inaijua. Isitazamwe na watoto. Itazameni watu wazima, na ikimalizika msikimbilie kuwasha taa na kuondoka. Waacheni wanaotaka kusema waseme.

Soundtrack to a Coup d'Etat, juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, ni ndefu na imejaa mambo. Igawanyeni mara mbili. Nawataka hasa wanafunzi wa Skuli ya Lumumba waione, wajue jina lililo juu ya lango lao lilikuwa la nani. Dune: Part Two niliifurahia kwa picha na sauti, lakini ilipokwisha hapakuwa na aliyeuliza swali.

Mwisho, kila mwaka tengea nafasi moja filamu ya nyumbani hata kama si mpya. Mwaka huo nilirudia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto kabla haijapelekwa Oscar kwa jina la Tanzania. Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950, mapenzi ya Denge na Yasmin katikati ya harakati za kudai uhuru. Itazame na mzee aliyekuwa kijana enzi hizo, na simu iwe inarekodi sauti pembeni yake. Atakatiza kila dakika: nguo ile haikuvaliwa hivyo, nyumba ile ilikuwa ya fulani, njia ile ilikuwa na mwembe. Usimnyamazishe. Filamu unaweza kuirudisha nyuma.