Jibu: Walowezi wa Nebraska, nimekwama kati ya 1880 na 1900

Habari ndugu. Umesema mababu wa mkeo, mume na mke walioanzisha shamba Nebraska, Marekani, unawaona kwenye sensa ya 1880 na ya 1900, katikati hakuna kitu. Ya 1890 iache. Karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Nebraska ina sensa ya 1885, anzia hapo.

Kisha tafuta ardhi. Sheria ya 1862 ya kuwapa walowezi ardhi ya serikali (Homestead Act) iliruhusu hadi ekari 160 kwa atakayeishi hapo na kulima miaka 5. Hati ya umiliki ni karatasi moja tu. Utajiri uko kwenye jalada la maombi, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani: nyumba aliyojenga mwombaji, ekari alizolima, familia yake, ushahidi wa majirani wawili, na kwa mhamiaji, karatasi za uraia. Kabla ya kuagiza, nakili kutoka kwenye hati namba yake, ofisi ya ardhi na maelezo ya kiwanja. Jina peke yake halitoshi.

Ukikosa jina la mume, jaribu la mke, maana mjane aliweza kukamilisha madai ya ardhi ya mumewe. Na majina ya mashahidi usiyapuuze kamwe, mara nyingi ni shemeji au wakwe, na ukoo wa mke hujitokeza hapo.

Sensa ya 1900 irudie: inataja watoto aliozaa mama na walio hai. Tofauti ikiwepo, kuna watoto waliofariki, kaangalie makaburi ya kaunti.