Hii chupa ni ya nani?

Siku niliyokabidhiwa funguo za stoo ya kemikali nilipewa na daftari lake. Daftari lilisema chupa 340. Nilizihesabu mwenyewe kwa siku nne nikapata zaidi ya 500. Zile za ziada hakuna aliyejua zilinunuliwa na nani wala lini, na baadhi hazikuwa hata na jina. Moja ilikuwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ndani kimiminika cha njano, na ubavuni mtu ameandika kwa kalamu: “Sampuli B, usimwage.” Mwandishi wa amri hiyo alikuwa ameshahitimu zamani.

Nimekuwa fundi wa maabara za chuo kikuu miaka 11 sasa. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza waanzie wapi, wakitarajia nitataja miwani na glavu. Mimi huwaambia waanze na rafu, wazungukie chupa moja baada ya nyingine, na kwa kila moja waulize ni ya nani.

Kiwandani watu walewale hushika kemikali zilezile mwaka hadi mwaka. Chuoni ni kama stendi. Mwanafunzi wa uzamili anaagiza lita mbili na nusu za kiyeyushi (kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine), anatumia robo, anatetea tasnifu, anapiga picha na joho lake, huyo anakwenda zake. Alichokijua kuhusu ile chupa anaondoka nacho kichwani.

Katika kuhesabu kule nilikuta chupa ya etha, kiyeyushi kinachowaka upesi, rafu ya chini, nyuma kabisa, imebaki nusu, haina tarehe ya kufunguliwa. Etha ikikaa na hewa hutengeneza peroksaidi, kemikali zinazolipuka, pole pole, na zikishakuwa nyingi, hasa zikiganda pembeni mwa kifuniko, kitendo cha kufungua tu kinaweza kuilipua. Hata kuitikisa hutakiwi. Niliwatoa watu, nikafunga mlango, nikawaita wataalamu. Msinisifu kwa hilo: nusu saa kabla nilikuwa nimehamisha chupa tatu za jirani yake kwa mikono, nikizigonganisha kama soda. Asidi pikriki si ndugu wa etha, lakini nayo hulipuka ikiachwa. Ikihifadhiwa na maji imetulia, ikikauka ni baruti. Ukikuta chupa yenye jina hilo na unga wa njano mkavu ndani, iache ilipo, rudi nyuma, ita watu.

Tangu siku hiyo hakuna chupa inayopanda rafuni kwangu bila jina kamili la kemikali (ufupisho hapana, kila mtu ana wake), jina la mwenyewe, tarehe ya kufika na tarehe ya kufunguliwa. Etha na ndugu zake tunazipima peroksaidi kila miezi mitatu kwa vijikaratasi vya kupimia. Ikifika mwaka tangu kufunguliwa, inakwenda kutupwa hata kama imebaki nyingi. Wahasibu hawapendi hilo.

Kilichosaidia kuliko yote, hata hivyo, hakikuwa lebo. Ilikuwa fomu ya kuondoka chuoni. Maktaba ilikuwa haimwachii mwanafunzi mpaka arudishe kitabu kimoja, na sisi tulimwachia huku ametuachia lita kumi za methanoli. Tukaomba mstari mmoja uongezwe: saini ya maabara. Sasa, kabla hajapata cheti, mwanafunzi anapita na mimi rafu kwa rafu, na kila chupa yake inakabidhiwa kwa mtu mwenye jina au inapelekwa kwenye taka. Mwaka wa kwanza nilichukiwa sana.

Mpangilio wa rafu nao. Nilizikuta zimepangwa kwa alfabeti, jambo linalopendeza macho tu. Nikafanya kosa la pili, la kuziweka asidi zote kabati moja, nikijiona mjuzi. Asidi asetiki inawaka moto. Asidi nitriki ni kioksidishaji kikali, yaani huchochea vitu vingine kuwaka. Zikivuja pamoja ni balaa. Panga kwa tabia: vinavyowaka peke yake, vioksidishaji mbali navyo, asidi mbali na besi, na asidi nitriki mpe chumba chake kama mgonjwa wa kuambukiza.

Taka ndipo watu makini wanapozembea, kwa sababu kazi imekwisha na akili imeshafika nyumbani. Kwetu mtu alimimina mabaki ya asidi nitriki kwenye chupa ya taka iliyokuwa na ethanoli, akaifunga kwa nguvu, akazima taa. Mmenyuko huo unaweza kusinzia kwa saa kadhaa kabla haujachemka. Chupa ilipasuka usiku, vioo vikajaa mpaka mlangoni, na bahati ni kwamba hapakuwa na mtu. Aliyemimina hakujua kilichomo, maana lebo ilisema “taka” basi. Chupa ya taka inahitaji lebo kuliko chupa mpya: kila anayeongeza kitu anaandika alichoongeza, na kifuniko kiwe cha kupumulia, kinachotoa gesi nje.

Kuna tukio la Januari 2010 la Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani, ambalo huwasimulia wanafunzi wapya wote. Kundi lile lilikuwa na kikomo cha kutengeneza miligramu 100 tu za kampaundi inayolipuka. Kikomo hicho kilipitishwa kwa mdomo. Ikatengenezwa kama gramu 10, mara mia ya kikomo, ikalipuka mwanafunzi akiwa ameishika, akapoteza vidole vitatu. Kwa hiyo kwangu kiasi cha mwisho kinaandikwa ukutani, juu ya meza ya kazi. Nikikusikia unasema “kila mtu anajua”, najua hakuna anayejua.

Glavu basi, kwa kuwa mtaniuliza. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki, kimiminika cha zebaki chenye sumu kali, juu ya glavu ya lateksi. Ilipenya kwa sekunde. Alifariki Juni 1997. Alikuwa mtaalamu, na glavu alivaa. Karatasi ya usalama ya kemikali ina sehemu 16. Ya 8 inahusu vifaa vya kujikinga, ya 10 inasema kisichopatana nayo. Zisome kabla ya kuagiza, maana ukishafungua boksi umeshachelewa. Na bomba la kuoshea macho lifungulie kila wiki. Letu lilitoa kutu kwanza.

Ile Sampuli B niliifuatilia. Msimamizi wa zamani wa yule aliyeiandika alinipa namba yake, nikapiga. Kijana alifurahi kunisikia, akaniuliza habari za wote maabara. Nikamuuliza kuhusu chupa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kaka, kusema kweli sikumbuki.” Tukaitoa kama kemikali isiyojulikana, na kuipima tu kuligharimu kuliko chupa zote za rafu yake.